Mtunzaji Asiyejibu Barua

Kuttan hakuwa na nia ya kuhudhuria semina. Jumamosi ile alitaka kumfikisha binti wa jirani anakokwenda, ageuze skuta, arudi dukani kwake mjini Chalakudy, ambako kadi mia tatu za harusi zilikuwa zikimngoja azikunje. Lakini wenye mabasi walikuwa wamegoma tangu Alhamisi, na mama Anagha, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alimjia Ijumaa jioni na ombi la aina ile ambayo jirani hawezi kuikataa kisha akaendelea kuazima mbuzi ya kukunia nazi.

Anagha alikuwa msichana wa miaka ishirini, anasoma uhandisi, na njia nzima alimweleza habari za semina akipiga kelele nyuma ya kofia yake ngumu kana kwamba anayemwendesha ni kiziwi. Walikuwa wanakwenda kujifunza kufungasha programu za ule mfumo huria wa kompyuta, ule usiouzwa, unaotumika mashuleni. Wafungashaji wote ni watu wa kujitolea, mjomba, hawalipwi hata chai. Kuttan aliitikia ehe, ehe. Aliposikia neno kufungasha, nusura apitilize kwenye taa nyekundu.

Tuelewane mapema kuhusu kazi hii, maana wengi hudhani programu hushuka kutoka mawinguni. Mtu akiandika programu nyumbani kwake, haiwafikii wenye kompyuta hivi hivi. Lazima apatikane mtu mwingine wa kuifungasha: aandike inahitaji nini ndipo ifanye kazi, iwekwe wapi, nani aliyeitunga na kwa ruhusa gani, aifunge yote pamoja, kisha abaki nayo. Ikiharibika, watu wanamwandikia yeye. Ikizeeka, anaibadilisha yeye. Mtu huyo anaitwa mtunzaji, na jina lake limeandikwa ndani ya kifurushi ili dunia nzima ijue pa kumpata.

Kuttan aliyajua haya kuliko alivyojua bei ya karatasi. Kwa miaka saba alikuwa mtunzaji. Kisha kwa miaka minne na nusu akawa mtunzaji asiyejibu barua, na siri hiyo hakumwambia mtu yeyote, hata mama mtu aliyemzaa.

Semina ilikuwa ghorofani, kwenye maktaba ya kijiji, juu ya chumba ambamo wazee walikuwa wakigombania kurasa za magazeti. Meza ya kuchezea keram ilikuwa imesukumwa ukutani na nyaya za umeme zimetandazwa sakafuni. Kuttan alipanda ngazi ili tu ahakikishe mtoto wa watu amefika katika mikono salama. Hapo ndipo aliponaswa.

Aliyemnasa ni Shabna, mwanamke mfupi mwenye hijabu ya kijani na sauti ya mtu aliyezoea kupanga foleni. Alimuuliza kama anajua kupiga chapa kwa Kimalayalam, lugha ya kwao. Kuttan, badala ya kusema uongo mdogo ambao ungemrudisha dukani, akajibu kwamba ndiyo kazi yake, anachapa kadi. Shabna akamwambia hapo hakuna watazamaji. Kila anayekula muhogo wao wa mchana lazima ashike kazi. Akamvutia kiti. Na ukweli usemwe: Kuttan angeweza kukataa. Lakini alipoiona ile safu ya kompyuta, na vijana wameinamia vioo kama watu wanaochambua mchele, moyo wake ulishikwa na hamu iliyomuuma. Akakaa.

Shabna alikuwa mwanachama kamili wa mradi, maana yake alikuwa na ufunguo. Usidhani ni ufunguo wa mlango. Ni namba ndefu ya siri iliyomo ndani ya kompyuta ya mtu, na ndiyo sahihi yake. Kifurushi kisichotiwa sahihi kwa ufunguo wa mwanachama hakiingii kwenye mfumo. Basi kazi ya kwanza ya asubuhi ilikuwa kila mwanafunzi ajitengenezee ufunguo wake mpya. Kompyuta ilimuuliza Kuttan jina. Akaandika Kuttan, yaani jina la nyumbani, lile ambalo kwao humaanisha kijana mdogo, ingawa mwenyewe alikuwa na miaka hamsini na miwili na goti bovu. Mtaa mzima ulimjua kwa jina hilo tu. Shabna akipita nyuma yake akasema, "Jina la kwenye kitambulisho, mjomba. Jioni tutakaguana." Kuttan akasema atarekebisha baadaye.

Kisha Shabna akaandika ubaoni vifurushi vinavyohitaji kuokolewa. Vitatu vilikuwa yatima, ndivyo wanavyoviita wao vifurushi ambavyo watunzaji wake wameaga rasmi. Cha nne alikiandika kando na kukipigia mstari.

"Hiki si yatima," alisema. "Hiki ni mtoto ambaye baba yake alitoka kununua kiberiti, hajarudi mpaka leo."

Kifurushi kiliitwa Pulli, yaani nukta. Ni programu ya kugeuza maandishi ya Kimalayalam kuwa nukta zile za wasioona, zile zinazotokeza kwenye karatasi ukazisoma kwa vidole. Baba aliyekwenda kununua kiberiti alikuwa ameketi safu ya pili, na chai ya rangi mkononi.

Yaliyomwangusha ni mafuriko. Mwaka ule mto ulipopanda, maji yalifika dukani kwake mpaka kwenye kalenda ya ukutani, na kompyuta ikaenda na ufunguo wake ndani. Mtunzaji mwenye akili huweka nakala ya ufunguo mahali pengine. Kuttan naye aliweka nakala. Aliiweka rafu ya chini yake. Ili apewe ufunguo mpya, ilibidi wanachama wawili wamwone uso kwa uso na kitambulisho mkononi, na yeye akajiambia, mwezi ujao, nikimaliza kufuta matope. Wakati huo barua zikawa zinaingia: programu imekwama hapa, programu imekataa pale. Ya kwanza alitaka kuijibu kwa kuomba radhi. Zilipofika kumi akaona radhi moja haitoshi. Zilipofika mia hakuwa na maneno kabisa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na yeye ukuta ulikuwa umeshampita kimo. Aibu ya barua isiyojibiwa hailishwi, hunenepa yenyewe. Mwisho akaacha kulifungua lile sanduku la barua, na kila simu mpya aliyonunua hakuliweka humo.

Shabna aliendelea kueleza, na kila neno lilimfikia Kuttan mahali pabaya. Toleo jipya la mfumo lilikuwa karibu kutoka. Mlango wa kuingiza vifurushi ungefungwa Ijumaa ijayo. Pulli isipokuwa imetengenezwa ingetupwa nje, na toleo lingine ni baada ya miaka miwili. Kuitengeneza si kazi kubwa, siku moja inatosha. Tatizo ni kwamba kifurushi kina mwenyewe, na mradi haumnyang'anyi mtu. Ukitaka kuchukua kifurushi cha mtu aliyenyamaza, unamwandikia, unangoja siku ishirini na moja. Walikuwa wamemwandikia wiki iliyopita. Siku hizo zingetimia mlango ukiwa umeshafungwa.

"Labda ajitokeze mwenyewe aseme chukueni," Shabna alisema. "Neno moja tu."

Anagha akauliza kama baruapepe ingetosha.

"Haitoshi. Hata mimi naweza kufungua sanduku la barua leo nikajiita Jayadevan. Aitie sahihi kwa ufunguo wake, au mmoja wetu amwone kwa macho, na kadi yake mkononi."

Jayadevan ndilo jina alilopewa Kuttan na baba yake, na hapo semina ikampokea Jayadevan kwa furaha kubwa. Kijana mmoja alisema huyo yuko Dubai, ana tumbo na gari jeupe. Anagha akasema hapana, huyo ameoa, mke kampiga marufuku kompyuta. Mwingine akasema asiyekuwepo na lake halipo, basi wachukue tu. Kuttan, ambaye hakuwa na mke na hakuwahi kufika hata Chennai, aliitazama chai yake ikipoa. Hakuwalaumu. Alichokuwa akikisikia ni maneno yale yale aliyojisemea mwenyewe kila usiku, ila hapa yalisemwa kwa kicheko.

Mtu mmoja hakucheka. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, amevaa sari ya pamba iliyopigwa pasi vizuri, na fimbo nyeupe imelala mapajani. Alisema tu, "Mwacheni mtu wa watu," na wote wakanyamaza.

Huyo alikuwa Mwalimu Rosily, anayefundisha kwenye shule moja ya watoto wasioona, naye mwenyewe haoni tangu utotoni. Kompyuta yake humsomea kila kitu kwa sauti ya haraka sana, sauti ambayo mgeni akiisikia hudhani ni redio iliyoharibika. Shabna aliwapanga pamoja: Mwalimu Rosily, Anagha, na mjomba wa kadi za harusi, na kazi yao ikawa Pulli. Waitayarishe tu, alisema, iwe tayari. Mungu akijalia mwenyewe apatikane.

Kuttan alijua jina la Rosily kabla hajaambiwa. Kwa miaka saba lilikuwa likimwandikia barua, na alikuwa akizijibu siku ile ile.

Asubuhi ilipita yeye akijifanya mzito. Kujifanya mjinga mbele ya kazi unayoijua ni mateso, mwulize fundi yeyote. Aliwaacha Anagha na Mwalimu Rosily wapapase ndani ya faili alizoziandika kwa mikono yake, akaitikia kama anayejifunza, akauliza maswali ya kipumbavu mawili matatu ili mambo yakae sawa. Programu yenyewe ilitaka marekebisho machache tu, na Anagha ana akili, aliyapata. Walikwama kwenye daftari la mabadiliko, ile faili ambamo mtunzaji huandika amefanya nini na lini. Mashine ililikataa mara moja, mara mbili, mara tatu, bila kusema kwa nini. Mara ya nne uzalendo ukamshinda.

"Mstari wa mwisho," alisema. "Mwanzoni acha nafasi moja, weka vistari viwili. Halafu kabla ya tarehe acha nafasi mbili, si moja."

Anagha akafanya hivyo. Mashine ikakubali. Akamgeukia.

"Mjomba, umejuaje?"

"Kwenye kadi nafasi ni kila kitu," Kuttan alisema. "Ukikosea nafasi moja, bwana harusi anaonekana kama shahidi."

Anagha alicheka akaridhika. Mwalimu Rosily aligeuza sikio upande wake, akalituliza hapo kidogo, kisha akarudi kwenye kibodi yake.

Mchana waliletewa muhogo wa kuchemsha na mchuzi mwekundu wa samaki. Kuttan alikula kidogo, akanawa, akateremka ngazi. Alikuwa ameamua. Angemrudia Anagha jioni saa kumi na moja, kama alivyoahidi. Kwa sasa kadi zilikuwa zinamngoja, na nani anaweza kumlaumu mtu kwa kwenda kazini? Alikwishaweka ufunguo kwenye skuta aliposikia fimbo ikigonga ngazi nyuma yake.

"Ni wewe mjomba wa kadi?" Mwalimu Rosily aliuliza. "Unaondoka."

"Nina kazi kidogo dukani, mwalimu."

"Haya. Nilitaka kukushukuru kwa zile nafasi."

Hakuondoka. Alisimama kivulini, akamweleza, bila kuulizwa, kama watu wanavyowaeleza wageni mambo wasiyowaeleza ndugu. Shuleni walikuwa na kompyuta moja tu ya zamani ambamo Pulli bado inafanya kazi. Hawaiunganishi na mtandao, hawaizimi, hawaruhusu mtu kuifuta vumbi, wanaogopa itakufa. Kompyuta mpya wamepewa kumi na mbili na zote zinaikataa. Watoto kumi na tisa wa darasa la kumi wana mtihani wa taifa mwezi Machi, na karatasi zao zote za mazoezi zinapitia ile mashine moja. Usiku anaamka kuisikiliza kama inapumua.

Kuttan aliuliza, kwa sauti ambayo hakuitegemea, kama aliwahi kumwandikia yule mtunzaji.

"Tangu anyamaze, mara nne. Ya kwanza ya adabu. Ya pili ya adabu na hasira kidogo. Ya tatu sitaki hata kuikumbuka, nilimwita mtu mvivu."

"Na ya nne?"

"Ya nne nilimuuliza kama yuko hai." Aliibadilisha fimbo mkono. "Watoto wale juu wanacheka, hawamjui. Miaka saba yule mtu alinijibu siku hiyo hiyo. Hata sikukuu ya Onam nilimwandikia, akanijibu kabla hata wali haujapakuliwa. Anwani yake ilikuwa ya Chalakudy. Yakaja yale maji, halafu kimya. Wewe ungefikiri nini?"

Kuttan aliugeuza ufunguo wa skuta, akaurudisha.

"Nilimwambia Shabna kwamba amekufa. Shabna anasema mradi haumziki mtu kwa kukisia, lazima ipatikane karatasi. Haya, nenda, nisikucheleweshe." Akaanza kupanda ngazi, akihesabu vidato kwa fimbo.

Kuttan alibaki pale juu ya skuta. Alikuwa amejiandaa miaka yote kwa hasira ya watu. Alishaipangia hata majibu. Hakujiandaa kuliliwa. Mtu amekuita mvivu, unaweza kwenda kumwomba radhi. Lakini mtu aliyekuhesabu marehemu kwa upole, utamwendea vipi umwambie ulikuwa hai siku zote, unakunja kadi? Ingekuwa nafuu kama kweli ningekufa, aliwaza, na papo hapo akajionea haya kwa wazo hilo. Watoto kumi na tisa hawahitaji marehemu. Wanahitaji neno moja. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na yeye alikuwa ameuficha miaka minne na nusu, na hakuna alichozaa ila woga. Alichomoa ufunguo wa skuta, akautia mfukoni, akarudi juu kama mtu anayepeleka taarifa ya msiba.

Hakusema kitu mara moja. Msimfikirie shujaa. Alikaa, akafungua ule ufunguo wake wa asubuhi, akafuta jina la Kuttan, akaandika jina jingine, na kazi ikaendelea. Saa tisa na nusu Pulli ilikuwa imefungashwa upya, imejaribiwa, imesimama mlangoni bila ruhusa ya kuingia.

Saa kumi ukafika ule ukaguzi. Kwa watu hawa ni desturi kama kunawa kabla ya kula: wanapokutana, hujipanga mistari miwili, uso kwa uso, kila mmoja na kitambulisho chake na kipande cha karatasi chenye namba ya ufunguo wake. Unasoma kadi ya aliye mbele yako, unamtazama usoni, unalinganisha jina na namba, unatia alama, unasogea hatua moja kwa anayefuata. Hivyo ndivyo wanavyoaminiana, watu waliotawanyika dunia nzima. Lazima mtu mmoja awe amekuona kweli. Wazee wa magazeti walipanda kuja kutazama, wakidhani ni mchezo wa harusi.

Mwalimu Rosily aliwekewa kiti, na mstari ulikuwa ukianzia kwake. Kuttan alijikuta wa kwanza. Nani alimpanga hapo hajui mpaka leo.

"Kwangu kuna utaratibu wake," Mwalimu Rosily alisema. "Macho yangu hayasomi kadi. Mwenye kadi analisema jina lake lote mwenyewe, kisha Shabna anaisoma kuhakikisha. Sema."

Kuttan alitoa kadi yake mfukoni. Nyuma yake Anagha alikuwa akimcheka mtu fulani kwa picha yake ya kitambulisho.

"Jayadevan," alisema. "Jayadevan Puthiyedath. Wa Chalakudy."

Mwalimu Rosily alinyosha mkono, akaichukua kadi, akaipapasa kwa kidole gumba ingawa hapakuwa na cha kusoma. Kisha akaiinua. Shabna aliipokea, akaisoma, akaisoma tena, akamtazama Kuttan usoni kwa muda mrefu kuliko desturi inavyotaka.

"Ni yeye," alisema Shabna. "Mwalimu, ni yeye kweli."

Anagha alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, bila shaka anakumbuka yale ya mke aliyepiga marufuku kompyuta.

"Uko hai," Mwalimu Rosily alisema.

"Niko hai, mwalimu."

"Ulikuwa wapi?"

"Dukani kwangu. Ufunguo ulikwenda na maji. Halafu barua zikawa nyingi. Halafu nikaona haya." Aliitazama kadi mkononi mwa Shabna. "Hapakuwa na sababu nyingine. Niliona haya tu. Nisamehe."

Mwalimu Rosily aliinamisha kichwa. Mabega yake yalianza kutikisika, na Kuttan alidhani amemliza. Kumbe alikuwa anacheka. Anacheka huku machozi yanamtoka, anatafuta ncha ya sari ajifute.

"Nimekusomeshea misa tatu za marehemu," alisema. "Tatu. Padri akaniuliza jina la ubatizo, mimi nitamwambia nini, mtu Mhindu? Nikamwambia Devassy, jina la Kikristo linalofanana na lako. Devassy wa Chalakudy, apumzike kwa amani."

Kicheko kilichofuata kiliwashtua kunguru waliokuwa dirishani. Kuttan naye alicheka, kisha akalia, kisha akavifanya vyote viwili mbele za watu bila kujali. Alihisi kifua kimefunguka mahali ambapo hakujua pamefungwa, pumzi ikaingia mpaka chini kabisa, na akastaajabu kwamba miaka yote ile alikuwa akipumua nusu. Jambo alilolikimbia miaka minne na nusu lilikuwa limechukua muda mfupi kuliko kukunja kadi kumi.

"Sasa lile neno," Shabna alimkumbusha. "Bado hujalisema."

"Chukueni," alisema Kuttan. "Chukueni kwa moyo mweupe, na jina langu mlifute."

Shabna aliketi akaandika barua kwa mradi kwamba amemwona Jayadevan kwa macho yake, kadi mkononi, na kwamba ametoa ruhusa mbele ya mashahidi ishirini, wakiwemo wazee wa magazeti. Akaitia sahihi kwa ufunguo wake. Ila kwenye kulifuta jina, Mwalimu Rosily alikataa. Alisema liwekwe jina lake yeye kwanza kama mtunzaji mpya, la Anagha la pili, na la Jayadevan libaki chini yao. Mtu akishafufuka hapewi likizo. Anagha akadakia, bila kumtazama usoni, kwamba mjomba ndiye anayejua mambo ya nafasi.

Saa kumi na moja kasoro Shabna alikipeleka kifurushi. Walikaa wakingoja mpaka jibu likaja na kompyuta ya Mwalimu Rosily ikawa ya kwanza kulisoma, kwa ile sauti yake ya haraka: Pulli imepokelewa. Mwalimu Rosily aliweka mikono juu ya kibodi, akasema kwamba leo atalala usiku mzima.

Watu wakaanza kukunja nyaya. Kuttan aliomba kuazima kompyuta moja. Alifungua lile sanduku la barua, na ajabu, nywila aliikumbuka mara moja. Barua elfu moja mia moja na arobaini. Hakuziogopa tena, zilikuwa barua tu. Alishuka mpaka chini, akaitafuta ile ya kwanza ya Rosily, ile ya adabu, iliyoeleza kosa fulani kwenye ukurasa wa pili. Akaandika kwa vidole viwili, taratibu, akatuma.

Upande wa pili wa meza kompyuta ya Mwalimu Rosily ikasoma kwa sauti mbele ya wote: "Mpendwa mwalimu, samahani kwa kuchelewa kujibu. Ni kweli, kosa ni langu. Limerekebishwa leo."

Mwalimu Rosily alisikiliza mpaka mwisho. Kwa kazi yao kila kosa lina namba yake, na likirekebishwa, aliyeliripoti ndiye mwenye haki ya kusema limekwisha. Akaandika ile namba bila kuitafuta popote, maana alikuwa anaikumbuka kwa kichwa, na mbele yake neno moja: limefungwa.

Anagha, begi begani, akauliza kama wanaondoka, mama ameshapiga simu mara mbili. Kuttan akamwambia angoje kidogo, bado anajibu ya pili.